Neno la Mwisho Chini ya Nguzo

Dhoruba imepita. Laini imezimwa kituoni, swichi imefunguliwa na kutiwa kufuli, na lebo yenye jina la msimamizi inaning'inia juu yake. Mafundi wawili wamefika kwenye nguzo iliyoegama. Ofisi inapiga simu kila mara kuuliza umeme utarudi saa ngapi, na kutoka nyumba ya tatu inasikika ngurumo ya jenereta. Msimamizi afanye nini kwanza?

Mtahiniwa anayeketi mbele ya swali la aina hii hupewa majibu manne, na matatu yana sura ya busara. Aliyekariri kanuni atasema laini imezimwa na kufuli ipo, basi kazi ianze. Aliyewahi kupanda nguzo baada ya upepo mkali ataisikia ile jenereta. Katika mitaa mingi ya Marekani transfoma ya nguzoni hushusha umeme kutoka volti 7,200 hadi 240 za nyumbani. Mwenye nyumba akichomeka jenereta kwenye soketi bila kujitenga na laini ya nje, transfoma ileile hufanya kazi kinyumenyume: volti 240 zinaingia upande wa nyumba na volti 7,200 zinatokea juu, kwenye waya ambao kila mtu ameambiwa umekufa. Jibu sahihi ni kuihesabu laini kuwa hai mpaka ipimwe pale pale ilipo na ifungwe ethi mahali mafundi watakapofanyia kazi. Kufuli ya kituoni haimkingi mtu na umeme unaotoka uani kwa jirani.

Hicho ndicho kiini cha mitihani ya weledi kwa viongozi wa usalama katika mashirika ya umeme, gesi, maji na simu. Umeme wenyewe, mtahiniwa anatarajiwa awe ameshaujua. Kinachopimwa ni kama mtu aliyepewa mamlaka juu ya uhai wa wenzake anaweza kuona hatari ambayo karatasi ya kazi haikuitaja, na kama ana msingi wa kusema "simama" wakati kila mtu ana haraka.

Marekani, nchi ambayo mitihani hii imekomaa zaidi, kuna cheti kiitwacho Certified Utility Safety Professional, kwa kifupi CUSP. Hutolewa na USOLN, taasisi isiyo ya kibiashara inayowakutanisha watu wa usalama na wa uendeshaji katika sekta hiyo. Mtahiniwa hupimwa sheria za kazi, uongozi, uchunguzi wa ajali, na lile somo la jinsi binadamu anavyokosea akiwa amechoka, amezoea au anaharakishwa. Jirani yake mkubwa ni CSP, cheti cha bodi ya BCSP iliyoanzishwa mwaka 1969. Huo ni mtihani wa maswali 200 kwa saa tano na nusu, wenye kemia, hesabu, moto, mashine, sheria na mengi mengine. Mwenye CSP anaweza kusimamia usalama kiwandani, hospitalini au kwenye ujenzi wa ghorofa. Lakini upana una gharama yake. Mtu anaweza kufaulu CSP bila kuwahi kusimama chini ya laini hai, na mafundi wa laini hulitambua hilo katika dakika tano za mwanzo za mazungumzo.

Sheria wanayotahiniwa viongozi hao wa usalama ina historia nzito. Tarehe 11 Oktoba 1889, saa ya chakula cha mchana, fundi aitwaye John Feeks alikuwa juu ya nguzo huko Manhattan, New York, akishughulikia nyaya za telegrafu, ambazo kwa kawaida zilibeba umeme mdogo tu. Mbali na pale, waya mmojawapo ulikuwa umegusana na waya wa umeme mkubwa. Feeks alishika, akanaswa, akafa mbele ya umati mkubwa uliosimama barabarani ukitazama. Mtego uliomuua ni ule ule wa jenereta baada ya dhoruba, yaani waya unaodhaniwa salama kwa sababu chanzo kinachojulikana ni salama. Miaka miwili baadaye, 1891, mafundi waliunda chama chao cha kitaifa huko St. Louis, ambacho leo ni IBEW. Rais wake wa kwanza, Henry Miller, naye alikufa mwaka 1896 akiwa kazini Washington: alipigwa na umeme akaanguka kutoka nguzoni.

Hata hivyo kanuni kamili ya serikali kuu ya Marekani kwa kazi za uzalishaji, usafirishaji na usambazaji wa umeme haikutoka mpaka Januari 1994. Namba yake ni 1910.269, na mafundi huitaja kwa namba hiyo kama watu wanavyotaja jina la mtaa wao. Ilirekebishwa Aprili 2014, na idara ya usalama kazini, OSHA, ilikadiria kwamba marekebisho yale yangezuia vifo vingine takriban 20 na majeraha makubwa 118 kila mwaka. Moja ya mambo yaliyoongezwa ni wajibu wa shirika lenye laini na mkandarasi wake kupashana habari za hatari kabla ya kazi. Mtu wa nje angedhani jambo hilo lilikuwepo tangu zamani. Halikuwa limeandikwa wazi, na watu walikufa katika pengo hilo.

Kanuni hiyo humtaka msimamizi afanye kikao na kundi lake kabla ya kazi, na humtajia mambo matano yasiyokwepeka: hatari zilizopo, utaratibu wa kazi, tahadhari za pekee, namna ya kudhibiti vyanzo vya nishati, na vifaa kinga. Mitihani hulirudia jambo hili kwa sura nyingi, na inafaa kufanya hivyo. Orodha yenyewe mtoto wa darasa la sita anaweza kuikariri. Ugumu upo kwenye swali linaloeleza kikao kilichofanyika vizuri saa mbili asubuhi, kisha saa tano gari la pili likafika, mvua ikaanza na fundi mmoja akabadilishwa. Je, kikao kile bado kinatosha? Hakitoshi. Kazi ikibadilika kiasi cha kugusa usalama wa watu, lazima kikao kingine kifanyike, na msimamizi anayeona haya kuwakusanya watu tena amekosa sifa ya msingi ya kazi yake.

Kuna pia sayansi ambayo haina budi kujulikana. Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipima katikati ya karne iliyopita kiwango cha umeme ambacho mtu akipita hawezi tena kuachia alichoshika. Kwa wanaume aliona ni karibu miliampea 16, na kwa wanawake karibu 10.5. Balbu moja ya wati 60 kwenye umeme wa volti 230 huvuta zaidi ya miliampea 250. Mwaka 1982 mhandisi Ralph Lee alichapisha makala kuhusu hatari nyingine ambayo wengi hawakuipa uzito, yaani mlipuko wa tao la umeme, ambao joto lake laweza kuzidi mara kadhaa lile la uso wa jua. Mtu anaungua bila kugusa kitu chochote. Glovu za mpira, ambazo kanuni za Marekani hutaka zipimwe kabla ya kutolewa na kila baada ya miezi sita, humlinda fundi na mshtuko wa umeme. Kwa moto wa tao anahitaji nguo za aina nyingine kabisa. Msimamizi asiyejua tofauti hiyo humvalisha fundi wake kinga ya hatari moja na kumpeleka kwenye nyingine.

Lakini ujuzi wa mtu mmoja mmoja, hata uwe mkubwa namna gani, hautoshi ikiwa mfumo hautaki kujua nani ameidhinisha nini. Hapo ndipo mkasa wa Merrimack Valley unapoingia, na unastahili kusimuliwa kwa kirefu, kwa sababu ni mkasa wa gesi ambao chanzo chake kilikuwa mezani.

Katika jimbo la Massachusetts kampuni ya Columbia Gas ilikuwa ikibadilisha mabomba kuukuu ya chuma kwa mabomba mapya ya plastiki. Gesi ya nyumbani katika mfumo ule husafiri kwa presha ndogo sana, na vidhibiti presha hupata taarifa kupitia vijibomba vidogo vilivyounganishwa na bomba kuu. Vijibomba hivyo ndivyo masikio ya kidhibiti. Vikisikia presha imeshuka, kidhibiti hufunguka na kuongeza gesi. Tarehe 13 Septemba 2018 mafundi wa mkandarasi huko Lawrence walilitenga bomba kuukuu, kama mpango wa kazi ulivyowaagiza hatua kwa hatua. Mpango haukusema popote kwamba vijibomba vya taarifa vilikuwa bado vimeunganishwa na bomba lile lile lililokuwa likiachwa.

Presha ndani ya bomba lililoachwa ikashuka. Vidhibiti vikasikia upungufu, vikafunguka. Upungufu ukaendelea, kwa kuwa bomba lile halikuwa likipokea gesi tena, navyo vikazidi kumwaga gesi kwenye mabomba mapya yaliyokuwa yakielekea majumbani. Baada ya saa kumi jioni moto ulilipuka kwenye majiko na mitambo ya kupashia joto katika miji mitatu: Lawrence, Andover na North Andover. Majengo 131 yaliharibika. Kijana mmoja alikufa baada ya bomba la moshi la nyumba iliyolipuka kuliangukia gari alimokuwa, na watu zaidi ya 20 walipelekwa hospitali. Chumba cha uangalizi cha kampuni kilikuwa Columbus, jimbo la Ohio, mamia ya kilomita kutoka pale. Kengele za presha zililia huko, lakini waliozisikia hawakuwa na uwezo wa kufunga chochote kutoka kwenye viti vyao.

Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri, NTSB, ambayo huchunguza pia ajali za mabomba, ilichimba hadi kwenye mpango wa kazi. Uliandaliwa na mhandisi wa kampuni. Haukupitiwa na idara iliyojua vijibomba vile vilipo. Na haukuwa na muhuri wa mhandisi mwenye leseni ya weledi, kwa sababu sheria ya Massachusetts wakati ule iliyasamehe mashirika ya huduma za umma sharti hilo. Anayejenga jengo kubwa alihitaji muhuri wa mtu aliyefaulu mtihani na kukubali kuwajibika kwa jina lake. Anayebadilisha mabomba ya gesi chini ya maelfu ya nyumba hakuhitaji.

Hili la kuwajibika kwa jina lina uzito kuliko mtihani wenyewe. Mwenye leseni akitia muhuri, anahatarisha riziki yake, na kwa hiyo ana sababu ya kuuliza: vijibomba viko wapi? Columbia Gas yenyewe ilikuwa na taarifa za ndani za mwaka 2015 zilizoonya juu ya hatari hiyo hiyo. Maarifa yalikuwepo katika jengo, ila hapakuwa na mtu ambaye kazi yake, kwa sheria, ilikuwa kuyaleta kwenye karatasi ile. NTSB ilitaka msamaha ule ufutwe, na kabla mwaka haujaisha, tarehe 31 Desemba 2018, gavana wa Massachusetts alitia saini sheria ya kudai muhuri. Mwaka 2020 kampuni ilikiri kosa mahakamani, ikatozwa faini ya zaidi ya dola milioni 53, na biashara yake jimboni humo ikauzwa.

Sekta ya nyuklia ilikuwa imepata somo lake mapema zaidi. Alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha Three Mile Island, Pennsylvania, vali moja ilikwama wazi na maji ya kupoza yakawa yanatoroka. Taa kwenye dashibodi ilionyesha kwamba vali imeamriwa kufunga, wala haikuonyesha kama kweli imefunga. Waendeshaji walikuwa na vyeti halali na walifuata walichofundishwa: waliogopa mtambo kujaa maji kupita kiasi, wakapunguza maji yaliyokuwa yakiingizwa kuuokoa. Tume ya Rais, iliyoongozwa na John Kemeny, iliukosoa vikali ufundishaji wao. Mwaka huo huo mashirika ya umeme yaliunda INPO, taasisi ya kukaguana na kufundishana, yenye makao yake Atlanta.

Tangu hapo mwendeshaji wa kinu Marekani hapimwi kwa karatasi peke yake. Huingizwa kwenye chumba kinachofanana na chumba chake halisi cha udhibiti, kisha watahini wanaanza kuharibu mambo: pampu inakufa, taa inadanganya, kengele ishirini zinalia kwa pamoja. Wanamtazama anavyozungumza na wenzake na anavyoamua. Kwenye karatasi lazima apate asilimia 80, na leseni yake ya miaka sita haimpi usingizi, kwa kuwa mtihani wa vitendo humrudia kila mwaka na ule wa maandishi angalau kila miaka miwili. Gridi nayo ilifuata njia hiyo baada ya giza la tarehe 14 Agosti 2003, lililowakumba watu wapatao milioni 50 Marekani na Kanada. Sheria ya mwaka 2005 ilifungua njia ya viwango vya lazima, na waongozaji wa gridi leo hawakai kwenye kiti bila cheti cha NERC, shirika la uthabiti wa gridi.

Mtihani mzuri hutengenezwaje? Kwanza watu wa kazi wenyewe huulizwa wanafanya nini, mara ngapi, na nini kikikosewa kinaua. Maswali huandikwa kutokana na majibu hayo. Kisha hufuata njia iliyopewa jina la William Angoff, mtaalamu wa upimaji wa Marekani: jopo la wajuzi husoma kila swali na kukadiria, kati ya watahiniwa 100 wenye ujuzi wa kiwango cha chini kinachokubalika, wangapi watalijibu sawasawa. Wastani wa makadirio hayo ndio alama ya kufaulu. Kiwango cha kimataifa ISO/IEC 17024 huongeza sharti la kutopendelea, ili biashara ya kufundisha isiathiri uamuzi wa nani afaulu. Sharti hilo ni la haki kabisa. Mwalimu anayelipwa ili watu wafaulu hafai kuwa ndiye anayeamua nani amefaulu.

Udhaifu upo, na ni mkubwa. Maswali ya kuchagua huwapendelea wepesi wa kusoma, na fundi aliyeokoa watu kwa miaka ishirini anaweza kuanguka kwa sababu ya lugha tu. Benki za maswali huvuja. Na baadhi ya waajiri hununua cheti kwa ajili ya zabuni, kisha mwenye cheti akisimamisha kazi anaulizwa analipwa na nani. Cheti cha mtu asiye na mamlaka ya kusimamisha kazi hakimlindi yeyote.

Nje ya Marekani jina linalotawala ni NEBOSH, bodi ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1979. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaotafuta kazi za usalama katika miradi ya Ghuba hukutana na jina hilo kwenye matangazo ya kazi. Mwaka 2020 cheti chake cha jumla cha kimataifa kiliachana na mtihani wa kukaa ukumbini, kikaanza kumpa mtahiniwa simulizi ya mahali pa kazi na ruhusa ya kufungua vitabu. Hatua hiyo ilikuwa sahihi: kitabu kikiwa wazi, kukariri hakuna faida, na kinachobaki ni kuliona tatizo. Lakini nacho ni cheti cha jumla.

Nyumbani hali imegawanyika. Kenya ina sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007, inayodai kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi, na mamlaka ya EPRA hutoa leseni za mafundi umeme kwa madaraja kuanzia C2 hadi A1. Tanzania ina sheria ya mwaka 2003 inayosimamiwa na OSHA ya huko, na EWURA hutoa leseni za ufungaji umeme. Leseni hizo zimesaidia kuwatenganisha mafundi na vishoka, wale wanaounganishia watu umeme bila ruhusa wala ujuzi. Zinapima mkono wa fundi. Cheti cha jumla cha usalama kinapima maarifa ya afisa. Katikati yao yupo msimamizi wa kundi, aliyesimama chini ya nguzo, na yeye ndiye mwenye neno la mwisho.

Kazi inayomsubiri inakua haraka. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Laini ya kilovolti 400 inaunganisha Isinya, Kenya, na Singida, Tanzania. Jijini Dar es Salaam gesi asilia ya Songo Songo, iliyoanza kufika mwaka 2004, imeshaingia kwenye majiko ya baadhi ya nyumba, kwa mabomba na vidhibiti presha vya kanuni ile ile iliyoshindwa Lawrence. Wakandarasi ni wengi, na kila mmoja anafika na msimamizi wake. Jenereta ziko kila mtaa wenye duka la samaki au zahanati.

Kwa hiyo mamlaka za nishati za kanda hii zitunge mtihani wa msimamizi wa kundi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, wenye matukio ya hapa: jenereta ya dukani, nguzo iliyooza chini, waya ulioibwa, bomba lililoachwa. Asiruhusiwe kuufanya asiye na miaka kadhaa kwenye laini au kwenye mabomba, na urudiwe kila baada ya muda. Nusu yake iwe ya vitendo, uwanjani. Na mashirika yanayotoa zabuni yaandike ndani ya mkataba kwamba msimamizi mwenye cheti hicho anaweza kusimamisha kazi bila mkandarasi kukatwa malipo ya siku hiyo. Kipengele hicho kinaweza kuingia katika zabuni ijayo bila kusubiri sheria mpya.